Swali la kurudi au kubaki: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka kikundi cha washauri wa Goma

Kisa hiki kililetwa mwezi Machi 2025 mbele ya kikundi cha washauri saba wa afya ya akili waliokuwa wakikutana mjini Goma kila baada ya wiki mbili ili kujadili kazi yao wao kwa wao. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Mshauri aliyekileta alikubali kiandikwe, na mteja wake aliombwa ridhaa. Hata hivyo umri, idadi ya watoto na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa, na baadhi ya maneno yamechukuliwa kutoka visa vinavyofanana. Nimekichagua kwa kuwa kinaonyesha jinsi kikundi cha washauri kinavyoweza, kwa nia njema kabisa, kumtendea mwenzao vilevile anavyomtendea mteja wake, na jinsi kinavyoweza kulitambua jambo hilo kabla ya mkutano kwisha.

Kikundi hiki hakikuzaliwa bila msimamizi. Kabla ya Januari 2025 washauri hawa, ambao wengi wao ni wasaidizi wa kisaikolojia wanaojulikana mjini kwa jina la APS, pamoja na muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia wawili, walikuwa na mtaalamu aliyesimamia kazi yao kila mwezi. Mwezi huohuo mambo mawili yalikutana. Fedha za misaada kutoka Marekani zilisimamishwa, na miradi mingi iliyolipa usimamizi huo ikasimama nazo. Kisha, Januari 27, waasi wa M23 wakauingia mji baada ya siku za mapigano zilizouacha bila umeme, bila maji na bila intaneti. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na msimamizi akaondoka pamoja na wafanyakazi wengine waliohamishwa na waajiri wao. Waliobaki ni wale ambao kwao ni hapahapa. Walianza kukutana tena mwezi Februari, katika chumba kilicho nyuma ya zahanati, kwa sababu wateja walikuwa wakiongezeka na hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Mteja ni mama wa makamo kutoka Masisi, aliyekimbilia kambi ya wakimbizi ya Bulengo, pembeni mwa Goma, mwanzoni mwa 2024 wakati mapigano yalipoukaribia mji mdogo wa Sake, ulio njiani kati ya Masisi na Goma. Aliishi chini ya bashi, yaani turubai, mwaka mzima pamoja na watoto watatu wadogo na kijana wake mkubwa. Alikuwepo Mei 3, 2024, mabomu yalipoangukia kambi za jirani upande wa Mugunga. Miezi michache baadaye kijana huyo alitoka kambini kwenda kutafuta kuni, na hakurudi. Februari 2025, wakati wakimbizi wa Bulengo walipoambiwa waondoke katika muda wa saa 72, mama huyu alilala na watoto katika darasa la shule, kisha akapokelewa Ndosho, mtaa wa Goma, sebuleni kwa mama mmoja anayesali naye. Alikuwa halali usiku, moyo unamdunda, anakula kidogo, na anagombana na watoto kwa mambo ambayo yeye mwenyewe aliyaita ya bure.

Mshauri alikuwa amemfuata kwa utaratibu wa PM+, yaani ule mpango wa vikao vitano uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ili watu wasio wataalamu waweze kuwasaidia waliokumbwa na msongo. Mama alijifunza kupumua polepole, na usingizi ulirudi kidogo. Lakini vikao vitano vilikwisha, vikafuata viwili vya nyongeza, na katika kila kimoja mama aliuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale: «Mama, ungekuwa miye, ungerudia kwetu ao ungebakia hapa?»

Mshauri alikuwa amelijibu kwa njia nyingi. Mara ya kwanza waliandika pamoja faida na hasara za kila upande. Mara ya pili alikwenda mwenyewe kuwauliza wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, kuhusu barabara ya Sake. Mara nyingine alimwambia asubiri, na mara nyingine alimpa namba ya mtu anayeijua sehemu ile. Kila jibu lilipokewa kwa shukrani, na wiki iliyofuata swali lilirudi kana kwamba halijawahi kuguswa. Alipokuja mbele ya kikundi mshauri alikuwa tayari ameahirisha kikao kimoja kwa kisingizio, jambo ambalo si kawaida yake, na swali alilotuletea lilikuwa la kitaalamu na fupi: mama huyu hasongi mbele, je, apewe rufaa aende Tulizo Letu, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Goma?

Kuhusu rufaa kikundi kilimaliza kazi haraka, na ninalitaja hili mapema kwa sababu kuna vikundi vinavyopenda sana kuzungumzia hisia za mshauri hadi vinasahau kuuliza kama mgonjwa yuko hatarini. Muuguzi aliuliza kama mama anasikia sauti, kama amewahi kutamka kwamba anataka kufa, kama ameandaa namna ya kujidhuru, kama anawahudumia watoto, kama anakunywa pombe, kama kuna kifafa katika familia. Majibu yalionyesha mtu mwenye msongo mkubwa ambaye bado anapika, bado anasali na bado anawapeleka watoto kuteka maji. Rufaa haikuhitajika kwa wakati ule. Ilikubaliwa kwamba maswali juu ya kujidhuru yaulizwe tena katika kila kikao.

Hapo ndipo kikundi kilipoanza kuteleza. Kwa karibu dakika ishirini kila mtu alikuwa na la kumwelekeza mwenzetu. Mmoja alijua parokia inayogawa unga. Mwingine alikuwa na jamaa aliyepita Sake juzi na kusema kwamba njia ni tulivu, na mwingine papo hapo akasema shemeji yake amesimulia kinyume. Mwingine akakumbusha juu ya mabomu yasiyolipuka mashambani, na mwingine akasema kwamba kama mama hatapanda maharage kabla ya Machi kwisha atakuwa ameupoteza msimu wote. Mshauri aliandika kila kitu. Nilipomtazama niliona uso uleule ambao yeye alikuwa ametuelezea dakika chache kabla: mtu anayeshukuru kwa kila jibu huku hakuna hata moja linalomwingia.

Sitaki kuudharau wingi ule wa maelekezo. Katika mji ambao barabara iliyopitika asubuhi inaweza kufungwa jioni, habari ni sehemu ya uhai, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 juu ya afya ya akili katika dharura huweka usalama na mahitaji ya msingi chini kabisa, kama tabaka linalobeba mengine yote. Mshauri anayemwambia mwenye njaa apumue polepole, bila kumweleza wapi chakula kinagawiwa, hajafanya kazi yake. Lakini mama huyu hakuwa amekosa habari. Alikuwa na ndugu zake kijijini, alikuwa akizungumza nao kwa simu, na kwa kweli alijua mengi kuhusu njia ya Masisi kuliko sisi saba tukiwekwa pamoja. Kama swali lingekuwa la habari, lingekwisha wiki ya pili.

Niliomba tusimame, na tukarudi kwenye utaratibu tuliokuwa tumekubaliana tangu mwanzo, ambao asili yake ni mikutano ambayo Michael Balint, daktari na mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi, na mkewe Enid waliiendesha na madaktari wa kawaida mjini London katika miaka ya 1950. Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza na mgumu kuutii. Mleta kisa husimulia bila kusoma faili. Wenzake huuliza maswali machache ya ukweli. Kisha yeye husogeza kiti chake nyuma na kunyamaza, na waliobaki huzungumza juu ya kile ambacho kisa kimewaamshia: wanamwonaje mteja, wanamwonaje mshauri, wangejisikiaje kama wangekuwa mmoja wao. Hakuna ushauri unaotolewa wakati huo.

Mwanzoni palikuwa na ukimya. Kisha mmoja wetu, mtu mpole kwa tabia, alisema kwamba angekuwa na hasira na mama huyu: kwa nini anamtwika mtu mwingine uamuzi ambao ukiharibika utaua watoto? Mwingine alisema kwamba yeye hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu kwamba mama ataondoka, kwa sababu kila mteja anayeondoka Goma humfanya ajione yeye ndiye aliyebaki nyuma. Ndipo yaya yetu, kama tunavyomwita aliye mkubwa kwa umri katika kikundi, aliposema kwa sauti ya kawaida: «Huyu mama anatuuliza jambo ambalo sisi wenyewe tunaulizana nyumbani kila usiku. Nani hapa ana jibu lake?» Hakuna aliyejibu. Mleta kisa, ambaye kwa utaratibu hakupaswa kusema, aliomba ruhusa na kusema sentensi moja: mume wake amekwisha kuvuka kwenda Uganda na anampigia simu kila jioni akimwomba amfuate, na mama yake mzazi amekataa kuondoka.

Wataalamu wa usimamizi wana maelezo yanayojulikana kwa tukio kama hili. Harold Searles, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1955 kwamba yanayotokea kati ya mgonjwa na tabibu mara nyingi hujirudia kati ya tabibu na msimamizi wake, bila yeyote kukusudia. Tabibu anayeshindwa kueleza kwa maneno kilicho katika chumba cha matibabu hukionyesha kwa mwenendo wake mbele ya wenzake. Maelezo haya yanafaa hapa kwa sehemu kubwa. Mama alimfanya mshauri awe mtu wa kutoa majibu yasiyoshika, na mshauri alitufanya sisi vilevile. Kama tungeendelea kutoa namba za simu hadi saa ya kufunga, angetoka na daftari lililojaa na kichwa kilekile kinachouma.

Hata hivyo nina shaka na maelezo hayo yakichukuliwa peke yake, na shaka hiyo ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika. Nadharia ya Searles inamweka tabibu nje ya balaa la mgonjwa: mgonjwa ana jambo, tabibu analibeba, msimamizi analitambua. Mjini Goma mwezi Machi 2025 hapakuwa na nje. Mshauri hakuwa «ameambukizwa» swali la mama. Alikuwa nalo kabla hajamjua, na kila mmoja wetu alikuwa nalo. Tofauti hii ina matokeo katika kazi. Mshauri aliyebeba hisia za mteja anaweza kusaidiwa azitue. Mshauri ambaye swali ni lake pia hawezi kulitua, kwa sababu hatari ni ya kweli na itakuwepo kesho. Kinachowezekana ni kidogo zaidi, nacho ni kumsaidia atambue wakati gani anamjibu mteja na wakati gani anajijibu mwenyewe. Alipomwambia mama «subiri», alikuwa akimwambia mume wake. Alipokwenda kuwauliza wamotari, alikuwa akijiuliza kama yeye mwenyewe angeweza kutoka. Hili alilisema mwenyewe baada ya kurudisha kiti chake, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia.

Kikundi kikiisha kulitambua hilo, kuna jambo la pili la kufanya, na vikundi vingi huishia kabla ya kulifikia: kumrudia mteja. Baada ya mshauri kupumua, muuguzi aliuliza kitu ambacho kilipaswa kuulizwa zamani: nani hajatajwa katika faida na hasara walizoandika? Waliandika shamba, mbuzi, shule, kodi, barabara, watu wenye silaha. Kijana hakuwamo. Katika PM+ mteja na msaidizi huyagawa matatizo: yanayoweza kutatuliwa, yasiyoweza kutatuliwa, na yasiyo na uzito. Mshauri alikuwa ameliweka swali la kurudi upande wa yanayotatulika, na kwa sura yake ya nje lilistahili kuwa huko. Ndani yake lilibeba jambo lisilotatulika. Bulengo palikuwa mahali pa mwisho ambapo kijana alijua mama yake analala. Kambi ilipovunjwa, mahali hapo palitoweka. Kukaa Ndosho ni kukaa karibu na alipopotelea, kurudi Masisi ni kukubali kwamba hatakuja kumtafuta mama yake huku, na labda ni kumkuta kwamba alikwisha kutangulia nyumbani. Pauline Boss, aliyechunguza familia za watu waliopotea bila habari, alionyesha kwamba huzuni ya namna hii haina mahali pa kuanzia wala pa kuishia, kwa kuwa kila uamuzi wa kuendelea na maisha huonekana kama usaliti. Swali la mama halikuweza kupata jibu kwa sababu jibu lolote lingekuwa tamko juu ya mtoto.

Hayo yalikuwa makisio ya kikundi, na makisio ya kikundi hayapelekwi kwa mteja kama uchunguzi wa daktari. Tulikubaliana kwamba mshauri aende na swali moja tu. Katika kikao kilichofuata, mama alipouliza tena, alijibiwa: «Mama, kila unaponiuliza hivi, unakuwa unamwaza nani?» Alilia kwa muda mrefu, kisha akamtaja kijana kwa jina, mara ya kwanza tangu kikao cha kwanza. Kikao hicho hakikuwa na orodha yoyote. Katika kile kilichofuata walizungumza juu ya huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa waliotengana, ambayo mama aliifahamu lakini alikuwa ameiogopa, na akaamua kwenda kumwandikisha. Mwezi Aprili alirudi Masisi kwa wiki kadhaa, akapanda alichoweza kupanda ingawa msimu ulikuwa umekwenda, akawaacha watoto wawili Ndosho, akarudi. Kijana hajapatikana. Dalili za usiku zimepungua bila kwisha.

Kuna upande mwingine wa kisa ambao haukusemwa katika mkutano, na kwa maoni yangu ulifaa usisemwe. Washauri saba wanatoka jamii tofauti, na nyumbani wanazungumza lugha tofauti: Kinyarwanda, Kihunde, Kinande, Mashi. Kila mmoja ana maoni juu ya vita, na kila mmoja anajua au anakisia maoni ya wengine. Katika vitabu vya taaluma usiri huelezwa kama ahadi: yanayosemwa humu hayatoki. Katika mji unaotawaliwa na wenye silaha, ahadi haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kulazimishwa kusema. Kwa hiyo kikundi kiliuweka usiri ndani ya usimulizi wenyewe. Hakuna anayeandika jina la mteja popote, simu zinabaki chumba kingine na hakuna kisa kinachojadiliwa kwa ujumbe, kijiji hakitajwi, na kundi lolote lenye silaha, la upande wowote, huitwa tu watu wenye silaha. Mwenzetu mmoja alipinga kanuni hii ya mwisho, akisema kwamba kwa mteja aliyetendewa ukatili, kumtaja aliyemtenda ni sehemu ya kupona, na kwamba sisi tukifunga midomo tunarudia kilekile alichofanyiwa. Hoja yake ni nzito. Jibu langu ni kwamba mteja ataje anavyotaka mbele ya mshauri wake, akiwa amekwisha kuelezwa hatari. Kikundi hakihitaji jina hilo ili kifanye kazi yake, na asiyelijua hawezi kulitoa.

Pia hatukumlazimisha yeyote aeleze aliyoyaona siku za mwisho za Januari. Miongozo niliyoitaja inatahadharisha dhidi ya kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio na kuwasimulisha yaliyowapata, na tahadhari hiyo inawahusu washauri kama inavyowahusu wateja. Mlango wa kuingilia katika kikundi hiki ni kisa cha mteja. Anayetaka kupita nacho hadi kwake mwenyewe hupita kwa kiasi anachotaka, kama alivyofanya mwenzetu kwa sentensi moja.

Nje ya mazungumzo, kikundi kilimsaidia kwa jambo moja la kawaida: wawili walichukua wateja wake wanne kwa mwezi mzima ili apate siku mbili za mapumziko kila wiki. Alikuwa hajalipwa tangu Januari. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeanza kuwasikia waajiri wakivisifu vikundi vya namna hii kwa kuwa havina gharama. Kikundi cha wenzao hakilipi kodi ya nyumba, na hakina uwezo wa msimamizi mzoefu wa kusema «mteja huyu usiendelee naye». Mwaka 2013 ulipochapishwa utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo juu ya tiba ya kikundi, uliowahusisha wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kingono, matokeo mazuri yalisifiwa sana. Ni wachache waliokumbuka kwamba wasaidizi wa kisaikolojia walioitoa tiba ile walikuwa na usimamizi wa ngazi kadhaa uliowafuata hadi vijijini.

Hadi sasa tumegawanyika juu ya jambo moja. Wawili kati yetu wanaona kwamba sikupaswa kumruhusu mleta kisa aseme habari za mume wake, kwa kuwa mkutano wa kisa ukifungua mlango huo utageuka kuwa mahali pa washauri kutibiana, na wale wasio na la kusema watajiona baridi. Mimi ninaona kwamba bila sentensi ile tusingemfikia kijana aliyepotea. Tulichokubaliana kwa muda ni hiki: mleta kisa anaweza kutaja katika maisha yake lile tu linalogusa kisa, hakuna anayemuuliza zaidi, na ikionekana anahitaji zaidi, mmoja wetu hukaa naye siku nyingine. Wawili hao wameikubali kanuni, wakiomba ijadiliwe upya baada ya miezi mitatu.